Mjomba Ahama Windows

Dukani, 9 Januari

TANGAZO KWA UKOO WOTE, WA KARIBU NA WA MBALI

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana kwa kina na mke wangu ambaye hakuwa akisikiliza, mimi mjomba wenu, mwenye duka la kuchapa na fotokopi, natangaza rasmi kwamba naachana na Windows. Hakuna upande utakaodai watoto. Wanaotaka kutoa rambirambi wajipange nje, wasizibe mlango wa wateja.

Mpwa wangu mpendwa, baada ya hayo, salaam. Sisi wazima. Goti la mke wangu limetulia, sasa anapanda ngazi za soko bila kumlaani aliyezijenga. Binti yetu amepata leseni ya udereva, na tangu siku hiyo mimi natembea kwa miguu kwa hiari yangu.

Sasa jambo lenyewe. Kompyuta ya dukani imeniletea ujumbe kwamba toleo lake la Windows limefika mwisho wa kuhudumiwa, na kwamba haina sifa za kupokea toleo jipya. Haina sifa! Mashine iliyochapa kadi za harusi za nusu ya mji huu, na barua za kuomba kazi za watu ambao leo ni mabosi na hawanisalimii. Nimeumia kuliko yenyewe.

Unamkumbuka Mwalimu Mkuu wa shule iliyo juu ya barabara yetu. Mitihani yake yote naichapa mimi. Juzi alisimama mlangoni, akasikia mashine inavyokoroma, akaniambia kwa upole kwamba mitihani ya majaribio ni mwisho wa Machi, na kama mashine itaniangusha katikati atampelekea kazi jirani wa ng'ambo ya barabara, yule mwenye mashine mpya na vioo vya giza. Mpwa, bila kazi ya shule duka hili ni meza, kiti, na mzee aliyekaa.

Ulinitajia Linux siku ile ya harusi, nikacheka. Naomba radhi kwa kile kicheko. Nimepiga moyo konde, nahama. Nitumie kwa basi la mizigo, ndani ya flashi, na uifunge na barua, maana kwa mtandao wa hapa kupakua kitu kikubwa ni kama kujaza pipa kwa kijiko. Simu usinipigie. Ukoo wetu unajulikana: simu ni ya kuuliza "mmefika?", mambo ya maana tunaandikiana.

Mjomba wako,
Mtalaka wa Windows


Maktaba, 24 Januari

Mjomba, shikamoo, na pole kwa msiba.

Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Siku hizi ana miadi ya kliniki, mambo ya umri tu, usijisumbue kuuliza. Mimi bado ni fundi wa kompyuta wa maktaba, kazi ambayo nusu yake ni kuwaonyesha wasomaji kwamba waya umechomoka.

Ndani ya kitambaa kuna flashi ya kijani. Kwanza elewa kitu kimoja, maana nakujua utabishana na wateja: Linux si kitu kimoja. Ni kama injini ambayo kila karakana imeijengea gari lake. Hayo magari tunayaita distro. Nimekutumia Mint kwa sababu sura yake haitakushtua sana, ina menyu chini kushoto kama ulivyozoea.

Chomeka flashi, washa mashine, bonyeza F12 mfululizo. Itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ichezee kwanza. Ukiridhika, nakili mafaili yako yote nje, halafu ndipo uisimike. Itakuuliza kama ifute diski yote. Ukikubali, Windows imekwenda na hairudi. Tafadhali usiniambie umenakili kama hujanakili.

Na hili nakuomba kwa magoti yote mawili. Mafaili yako ya zamani ya Word yatafunguka kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia iliyomo humo, lakini ukurasa unaweza kusogea, hasa wenye majedwali. Kabla hujachapa mtihani wowote, kagua ukingo wa kulia. Ukikagua, kagua tena.

Msalimie mkaza mjomba, na umwambie goti lisidanganywe na nafuu.

Mpwa wako,
Fundi Waya


Dukani, 15 Februari

Fundi Waya, mpwa wangu,

Salaam nyingi. Mke wangu hajambo, amenuna kidogo kwa sababu nimemwaga chai kwenye kitambaa chake cha meza. Anasema niliimimina kando ya kikombe. Mimi nasema kikombe kilisogezwa. Kesi inaendelea.

Na mama yako ana miadi gani hiyo ya "mambo ya umri"? Mimi nina umri unaokaribiana na wake na sina miadi na mtu.

Mint imesimama! Nilibonyeza F12 kama mtu anayebisha mlango wa choo chenye mtu, mara nembo ikatokea, na kabla sijamaliza kushangaa nilikuwa ndani. Nikachungulia huku na huku, nikanakili mafaili (nilinakili, acha kunitazama hivyo), nikaagiza diski yote ifutwe. Windows iliondoka bila hata kuaga. Mashine iliacha kukoroma palepale, kama mtu aliyegeuzwa ubavu.

Kwa muda nikajiona mtaalamu. Nikamwambia mteja mmoja habari za injini na karakana mpaka akasahau alichokuja kuchapa.

Lakini hii Mint ina matatizo. Mshale wa kipanya unatoroka. Uko katikati, nageuka kidogo, haupo. Natikisa kipanya kama napepeta nafaka mpaka unajitokeza. Herufi nazo zina ukungu, hasa jioni. Haki itendeke: Windows nayo ilikuwa imeanza tabia hiyo mwaka jana, nikadhani ni virusi. Nadhani wote wanaiga kitu kimoja kibaya. Tafuta distro yenye herufi nene na mshale wenye adabu.

Mengine ya hapa: watu wa mji huu wamejifunza kutembea kama paka. Mteja anasimama kando ya meza yangu, simwoni mpaka akohoe, naruka kama nimeshikwa na umeme. Na mlango wa chuma wa duka sijui umepinda wapi, kila asubuhi unanigonga bega la kulia. Nitamwita mchomeleaji.

Sijakata tamaa. Nitazijaribu zote mpaka niipate iliyoumbwa kwa ajili yangu.

Mjomba wako


Maktaba, 3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Tuko salama, mama anaendelea vizuri. Hongera kwa Mint, na pole kwa ile kesi ya kikombe.

Nimetuma flashi mbili. Nyekundu ni Ubuntu, nyeusi ni Fedora. Ziwashe bila kusimika, linganisha. Kwenye kila moja nimekueleza kwenye karatasi ndogo jinsi ya kukuza mshale na herufi. Kuza mpaka mkaza mjomba azisome kutoka mlangoni.

Hapa maktaba nina Mint kwenye mashine nyingi, na mshale haujawahi kumtoroka mtu. Naandika tu ujue.

Mchomeleaji alisema nini kuhusu mlango? Na miwani yako ulipima mara ya mwisho lini?

Mpwa wako


Dukani, 28 Machi

Mpwa wangu,

Salaam. Sote wazima. Mke wangu amepewa zamu ya mchana huko kliniki ya wajawazito anakopokea wagonjwa, kwa hiyo mchana nala peke yangu na redio. Mchomeleaji alikuja, akaupima mlango, akasema umenyooka. Mafundi wa siku hizi.

Ubuntu ina heshima zake, lakini imepanga vitufe vyote kushoto kama wanafunzi waliochelewa, na mimi navitafuta asubuhi nzima. Fedora ni safi, safi mno. Ukiiondolea madirisha inakuacha kwenye uwanja mtupu, na ukitaka kitu ukifuate kwenye kona ya juu. Kwa nini waundaji wote hawa wanapenda pembeni? Mtu wa kawaida anakaa katikati ya kiti, si ukingoni. Mshale niliukuza mpaka ukawa kama kiatu. Nao ukatoroka.

Umeuliza miwani. Miwani mizima.

Mitihani ya majaribio ya Mwalimu Mkuu imekwenda. Kulikuwa na kasoro ndogo ya printa, imekwisha.

Nimesikia kuna Debian, kuna nyingine nyingi, majina kama ya dawa za mifugo. Tuma. Mjomba wako hajasalimu amri.

Mjomba wako


Maktaba, 12 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Habari ya kazi na habari ya nyumbani? Sisi tupo.

Safari hii sijatuma flashi. Nimetuma diski nzima, imo ndani ya soksi ili isiumie. Debian tayari nimeisimika mwenyewe, nimekuza kila kinachokuzika, na kuna mengine nimeyaweka humo tutayaongea baadaye. Fungua kasha la mashine, toa diski ya zamani, ingiza hii. Skrubu ni mbili, usizimeze.

Kwenye skrini utakuta picha niliyopiga mwezi uliopita siku ya mapumziko. Naomba uniandikie unachokiona ndani yake. Kila kitu, kama unamsimulia mtu asiyeiona. Nina sababu zangu.

Mpwa wako


Dukani, 30 Aprili

Fundi wangu,

Salaam kutoka kwa watu wazima wa afya. Soksi imefika, na mke wangu ameuliza ya pili iko wapi.

Debian imeingia, na leo nasema wazi kwamba hii ndiyo. Herufi nene, kila kitu kikubwa, hakuna mbwembwe. Ni kama yule mfanyakazi wa zamani asiyevaa tai lakini anajua funguo zote zilipo. Bado mshale una ujinga wake, ila nadhani hilo sasa ni la kipanya.

Picha yako. Ni ziwa, maji yametulia. Katikati kuna daraja la mbao linaingia majini, mbao moja imekatika. Mawingu mawili matatu. Umepiga vizuri, mpwa, una jicho. Ushauri wangu mmoja tu kama mtu wa kupanga kurasa: pembeni umeacha nafasi tupu nyingi bure. Ungesogea karibu na daraja.

Mama yako mwambie aniandikie. Muda mrefu sijaona hata mwandiko wake.

Mjomba wako


Maktaba, 6 Mei

Mjomba, shikamoo.

Hali zetu ni njema. Habari nyingine za nyumbani nitazileta siku nyingine, leo naogopa nikianza nazo sitafika.

Pembeni mwa ile picha hakuna nafasi tupu. Kushoto kuna benchi, na juu yake mwavuli mwekundu umefunguliwa. Kulia amesimama mama. Dada yako. Amevaa gauni la njano, ameinua mkono, anakupungia wewe, maana nilimwambia picha hii inakwenda kwako. Ni mkubwa kwenye picha kuliko daraja.

Mint haina kosa. Ubuntu na Fedora hazina kosa, kipanya hakina kosa, mlango umenyooka. Windows nayo tumeisingizia. Mjomba, ni macho.

Sasa na mimi niseme langu. Miadi ya mama si ya umri. Mwezi wa kwanza walimkuta na presha ya macho. Haiumi wala haiwashi. Inaanza kula pembeni, na akili inajaziliza pengo kwa kile inachotarajia kukiona, ndiyo maana mtu hajui. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, lakini kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone. Daktari alimuuliza kama ana ndugu, akasema ndugu wa tumbo moja wapimwe. Mama akanikataza nisikwambie mpaka mitihani yako ipite, eti una mawazo mengi. Nikakubali. Kisha nikasoma barua zako za mshale na kikombe, na kila moja ilikuwa inaniambia jambo ambalo wewe hukuniambia.

Na babu, baba yenu. Sote tumelelewa na ile hadithi kwamba alistaafu ukarani mapema kwa kuwa alichoka na ofisi. Babu hakustaafu. Babu aliacha kuona, na nyumba nzima ikakubaliana kuiita kustaafu.

Nenda kapime. Nenda wiki hii.

Mpwa wako


Dukani, 19 Mei

Mpwa,

Hatujambo. Barua yako imefika.

Nimerudisha Windows. Nashukuru kwa kazi yote. Flashi na diski nitazirudisha kwa basi.

Kumpima mtu kwa kumtega na picha ya dada yake, hilo sikuliomba.

Msalimie mama yako.

Mjomba


Maktaba, 8 Juni

Mjomba, shikamoo.

Kwa mtego naomba radhi. Ulikuwa mtego, na ningeweza kukuuliza kwa mdomo kama mtu. Kwa nilichokiandika siombi radhi.

Basi halijaleta flashi wala diski. Na hiyo Windows umeirudisha kutoka wapi, mjomba, na diski uliifuta mwenyewe kwa Mint?

Kama Debian bado imo, kuna kitu nilikiweka humo tangu mwanzo. Shika kwa pamoja kile kitufe chenye picha ya dirisha, na Alt, na S. Mashine itaanza kusema. Inaitwa Orca, inasoma kilichoko kwenye skrini na kila unachokichapa, na nimeipa sauti ya Kiswahili. Sauti ni mbaya. Usiihukumu siku ya kwanza. Hapa maktaba nina wasomaji wanaofanya kazi nayo na skrini wameizima kabisa.

Uliwahi kunisimulia kwamba ulijifunza taipureta kwa mwalimu aliyewafunika mikono kwa kitambaa ili msitazame vitufe. Kazi yako haijawahi kuwa machoni. Macho ulikuwa unayatumia kukagua tu.

Mama anasema hakuandikii kwa sababu mistari inampotea, na aliona aibu. Nanyi wawili mmefanana.

Sitaandika tena mpaka uandike wewe.

Mpwa wako


Dukani, 21 Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Salaam kutoka kwetu sote. Mke wangu mzima, sasa ana kazi ya ziada ya kunitia matone asubuhi na jioni, na huitumia nafasi hiyo kunieleza makosa yangu yote nikiwa nimeinua kichwa na siwezi kukimbia. Binti amegonga ndoo ya jirani kwa gari. Ndoo inaendelea vizuri.

Kukaa kimya kwangu kusikutie hofu. Nilikuwa najifunza. Sasa nikueleze mambo yalivyokuwa, bila tangazo.

Windows sikuirudisha. Nilichomoa waya wa mashine, nikaifunika kwa shuka, nikawa natoa fotokopi tu. Wateja walipouliza kuchapa niliwaambia inafanyiwa matengenezo. Nilikuwa na hasira na wewe kwa sababu ya ile picha. Nilipomaliza hasira nikaiwasha tena, nikageuza kichwa polepole kutoka kushoto mpaka kulia, na nikamkuta dada yangu. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu hilo.

Ile "kasoro ndogo ya printa" ya mwezi wa tatu. Ulinionya ukingo wa kulia, na mimi nilikagua. Nakuapia nilikagua, mara mbili kama ulivyosema. Mtihani wa sayansi ulikuwa na majibu ya kuchagua, A, B, C na D, yamepangwa safu moja kwenye jedwali. Jedwali lilikuwa limesogea, na D yote ilikuwa imetoka nje ya karatasi. Mimi niliiona. Ndiyo ajabu yake: niliiona D ikiwa mahali pake, kwa sababu nilijua kwamba ipo. Shule nzima ikafanya mtihani wenye A, B na C. Watoto walichagua tu, watoto hawana noma. Msichana mmoja peke yake, kwenye kila swali ambalo jibu lake lilikuwa D, aliandika "jibu halipo". Mwalimu Mkuu aliponionyesha hiyo karatasi alianza kwa kucheka. Halafu akaacha kucheka. Nikamwambia ni printa. Kazi yote ya muhula uliofuata ikavuka barabara, ikaenda kwa jirani. Hilo sikukuandikia, na mke wangu hakulijua mpaka Juni.

Hospitali alinipeleka yeye. Alisoma barua yako ya Mei niliyokuwa nimeificha chini ya maboksi ya A4, akaenda kubadilisha zamu. Kule wanakukalisha mbele ya bakuli jeupe, wanakupa kitufe, wanasema bonyeza kila ukiona nukta ya mwanga. Nikakaa na kidole tayari, nasubiri. Nikamuuliza yule daktari ataanza lini. Akaniambia tuko katikati. Alitoa karatasi yenye mchoro wa jicho langu la kulia, ukingo wote mweusi, katikati tundu. La kushoto lina nafuu. Alisema la muhimu ni matone, kila siku, maisha yote, na kwamba ningekuja mwaka mmoja baadaye tungekuwa na mazungumzo mengine. Njia nzima ya kurudi mke wangu alinishika mkono, na nikamwacha anishike.

Siku iliyofuata nilifunua shuka, nikabonyeza vile vitufe vitatu. Mpwa, ungenionya kuhusu sauti kwa nguvu zaidi. Spika zilikuwa zimefunguliwa mpaka mwisho. Ilisema jina la faili kwa sauti ya mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa posta, na mama mmoja aliyekuja na cheti cha kuzaliwa akatoka mbio akakiacha kwenye mashine. Wiki nzima niliichukia. Inasoma kila nukta, kila mkato, haipumui. Nikibonyeza kosa inanitangaza mbele ya wateja. Niliizima nikaiwasha, nikaizima nikaiwasha. Kisha nikaipunguza mwendo, nikavaa vile vidude vya masikioni vya binti, nikafumba macho ili nisidanganywe nayo. Vidole vilikwenda vyenyewe. Barua hii nimeichapa hivyo, na ukiona kosa ujue nimelisikia nikalipuuza.

Majedwali bado yananishinda, na michoro ndiyo kabisa. Sikufichi.

Juzi nikaenda shuleni. Ningependa kukuandikia kwamba niliingia kifua mbele, lakini nilianza kwa kugonga kiti, halafu nikakiomba samahani. Mwalimu Mkuu akanikaribisha kwa ule upole wake wa kumpokea mzazi wa mtoto mtundu. Nikamwambia palepale, kabla hajauliza: haikuwa printa.

Nikamweleza yote, mpaka bakuli jeupe. Akasema, "Sasa mbona hukusema siku ile kwamba ni macho?"

"Ningesema, ningekuwa mtu asiyeona. Niliponyamaza ilikuwa printa tu."

Akaniambia hesabu na sayansi zitabaki kwa jirani, kwa sababu ya michoro. Nilianza kubishana, mpwa, usinifikirie vingine. Nikamtajia miaka yote niliyomchapia, nikamtajia na taipureta. Alinisikiliza mpaka nilipoishiwa. Akasema Kiswahili na historia anaweza kunipa, maandishi matupu, ila mke wangu akague kila ukurasa na atie sahihi yake. Nikakubali. Mke wangu bado hajui kwamba amekubali.

"Na ukishindwa?" akaniuliza.

"Utajua kutoka kwangu, kabla hujajua kwenye karatasi."

Akafungua droo, akatoa mtihani wa Kiswahili ulioandikwa kwa mkono, akauweka juu ya meza upande wangu wa kulia. Akanitazama. Halafu akausogeza mpaka katikati, nikauchukua.

Mjomba wako